Tiketi za Zamani Zilibana Mfuko, Ila Foleni Ilikuwa Moja

Ilianza na klipu ya sekunde kama ishirini hivi. Dada mmoja maarufu wa mjini, jina kapuni, yule wa kula bata kila mwezi nchi tofauti, alikuwa Marekani kwenye bustani ya Disney na watoto wake. Kwenye klipu anapita kando ya foleni ndefu ya watu waliosimama juani, yeye na mwongozaji wake wa kulipwa mbele, miwani usoni, na juu ya video ameandika: "Foleni ni za wenye muda."

Basi, kwenye komenti kukawaka moto. Nusu wakampongeza, hela ni yake, atumie anavyotaka. Nusu wakatoa povu kwamba hiyo ni dharau, wale waliosimama pale nao wamelipa getini kama yeye.

Katikati ya lile povu, jamaa mmoja Mbongo anayeishi California akaweka picha bila maneno mengi. Kijitabu kidogo cha karatasi, kimechakaa kwenye kona, ndani zimebaki tiketi nne zenye herufi A na moja yenye herufi B. Akaandika kwamba ni cha mama mkwe wake, Mmarekani, na kimekaa kwenye droo tangu akiwa binti mdogo. Vijana wakaanza kuuliza: hiki nini tena? Kuponi za supamaketi? Hilo swali lina utamu kuliko klipu yenyewe ya yule dada.

Disneyland ilifunguliwa Julai 1955 pale Anaheim, California. Siku za mwanzo ukilipa getini, dola 1 kwa mkubwa na senti 50 kwa mtoto, umelipia kuingia tu. Ukitaka kupanda chochote unakata tiketi nyingine kwenye kibanda cha mchezo husika, kuanzia senti 10 mpaka 35. Aliyewahi kupeleka watoto Sabasaba anaelewa bila kuchorewa ramani: umeshalipa mlangoni, umefika kwenye bembea, mkono unarudi tena mfukoni.

Oktoba mwaka huohuo wakaja na kitabu cha tiketi. Dola 2.50, ndani kuna kiingilio na michezo minane. Tiketi zikapewa herufi A, B na C kulingana na ukubwa wa mchezo. Mwaka 1956 ikaongezwa D. Mwaka 1959, walipozindua kwa mpigo mlima wa kuigiza uitwao Matterhorn, nyambizi na treni ya reli moja, ikaja herufi iliyoteka akili za watoto wa Marekani mpaka leo: E.

A ilikuwa ya vitu vya taratibu, gari la farasi kwenye barabara kuu, farasi wa kuzunguka. C unakutana na tembo Dumbo anayeruka. E ndiyo mambo yote: Matterhorn, baadaye jumba la mizimu, maharamia, na ile safari ya boti kwenye mto wa msituni, Jungle Cruise. Hapo Wabongo wana haki ya kucheka kidogo. Wabunifu wa ile safari walichota wazo kwenye filamu ya The African Queen, ambayo hadithi yake imewekwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, yaani eneo ambalo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania. Mtoto wa Kimarekani alikuwa anatunza tiketi yake ya thamani kuliko zote ili akaone kiboko wa bandia akipunga masikio, wakati viboko wenyewe wako Rufiji na hawahitaji umeme.

Ile E ilikolea kiasi kwamba ikaingia kwenye maongezi ya kila siku. Kitu kikiwa kikali, Mmarekani anasema hicho ni cha tiketi E. Mwaka 1983 Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda anga za juu, aliutumia msemo huohuo kuwaelezea watu wa ardhini chombo kinavyopaa. Na wakati huo tiketi zenyewe zilikuwa zimeshafutwa!

Sasa wazee wa Kimarekani wakianza kukumbushia hivi vitabu, wanasema uongo kidogo. Wanaongea kama vile zamani watu waliingia wakacheza mpaka jua likazama kwa hela ya soda. Haikuwa hivyo. Kitabu kilikuwa kinabana. Tiketi E zilikuwa chache, zikiisha zimeisha. Mtoto anashinda anahesabu. Apande nyambizi sasa au asubiri? Akipanda Matterhorn asubuhi, mchana atakula nini roho? Ulikuwa na ruhusa ya kununua tiketi moja moja za nyongeza, lakini baba wa watoto wanne mwenye mshahara wa kiwandani hakuwa anaendelea kufungua pochi kila saa.

Yule mama mkwe wa jamaa ndiye shahidi. Jamaa alisimulia, baada ya kubanwa sana kwenye komenti, kwamba katikati ya miaka ya sitini mama huyo na kaka yake walibakiwa na tiketi E moja, na jioni imeshaingia. Baba yao akagoma kununua nyingine. Wakarusha sarafu. Kaka akashinda, akaingia kwenye nyambizi. Dada akabaki nje amemshikia soda. Hiyo habari ni ya karibu miaka sitini, na mpaka leo wakikutana mezani kwenye sikukuu lazima imwagwe upya, na kaka mtu lazima aombe msamaha ndipo watu wale.

Kwa hiyo hakuna haja ya kuupamba mfumo ule kwa maua. Uliumiza watoto, na uliumiza zaidi watoto wa wasio nazo. Mtu akisema zamani kulikuwa na usawa, amechemka.

Ila kuna kitu kimoja wazee wako sahihi, na wengi wanashindwa kukisema vizuri kwa sababu wanakimbilia kuongelea bei. Zamani madaraja yalikuwa ya michezo. Leo madaraja ni ya watu.

Zamani mchezo ndio uliokuwa A au E. Mtoto wa daktari na mtoto wa fundi wa magari wakishafika kwenye nyambizi wakiwa na tiketi E mkononi, wanasimama foleni ileile. Mtoto wa daktari labda anazo E saba mfukoni na mwenzake anayo moja. Hiyo tofauti ipo, na si ndogo. Lakini zile saba hazikumsogeza mbele hata hatua moja. Jua lilimpiga sawasawa. Na hakuna aliyepita pembeni akiwa na mwongozaji, akiwarekodi.

Kuna jambo lingine ambalo kile kitabu kilifanya kimyakimya. Tiketi za A na B umeshazilipia, ukiondoka nazo ni hasara. Kwa hiyo familia ikimaliza E zake inaanza kutafuta pa kuzitumia zilizobaki. Ndipo mtu anapanda gari la farasi ambalo asingelipanda, anakaa kwenye farasi wa kuzunguka na mtoto mdogo, anapumzika. Watu wanatawanyika bustani nzima badala ya kujazana sehemu tatu. Kitabu kilikuwa askari wa trafiki ambaye hakuna aliyemuona. Na zile zilizobaki kabisa zikaenda kulala kwenye madroo, kama za mama mkwe. Maana ukiwa na tiketi nne za A nyumbani, safari yako haijaisha.

Mwaka 1982 vitabu vikafutwa. Wenzao walishatangulia, Six Flags Over Texas, iliyofunguliwa 1961, ilikuwa na bei moja tangu mwanzo. Disneyland ikaleta pasi ya siku, dola 12 kwa mkubwa, panda mpaka uchoke. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Kwa mara ya kwanza mtoto hahesabu. Hakuna kurusha sarafu.

Lakini kitu kikiwa hakina bei, foleni inakuwa ndiyo bei yake. Mchezo wa A na mchezo wa E sasa vyote ni bure ukishaingia, kwa hiyo nani apande gari la farasi? Wote wakahamia kwenye E. Ulichokuwa unalipa kwa karatasi ukaanza kukilipa kwa miguu, saa nzima, saa na nusu.

Ndipo mwaka 1999 ikaja FastPass, na hapa ndipo vijana wa siku hizi nao wana kumbukumbu zao. Unaingiza tiketi yako kwenye mashine karibu na mchezo, inakutemea kikaratasi chenye muda wa kurudi. Unaenda kula chipsi zako, muda ukifika unarudi, unapita njia fupi. Bure, kwa kila mtu aliyeingia getini. Kila familia ilikuwa na baba mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kukimbia huku na kule na tiketi za ukoo mzima mkononi, jasho linamtoka kama anacheza fainali. Mjanja alipata zaidi ya mzembe, ila ujanja wenyewe ulikuwa wa miguu na akili. Hela haikuingia pale.

Hela ikaingia kwa mlango wa nyuma kwanza. Mei 2013 gazeti la New York Post liliripoti kwamba kuna akina mama matajiri wa Manhattan, majina kapuni, waliokuwa wanakodi mtu mwenye ulemavu ajifanye ndugu yao pale Walt Disney World, Florida. Kwa nini? Kwa sababu mwenye ulemavu na familia yake walikuwa wanapewa njia ya kuwapunguzia adha ya foleni. Bei iliyotajwa ilikuwa dola 130 kwa saa. Mtu anamkodi binadamu mwenzake kama anavyokodi toroli la mizigo, ili mwanawe asisubiri tembo wa bati anayeruka.

Marekani yote ilitoa povu. Mwaka huohuo, Oktoba, Disney ikabadilisha utaratibu wake kwa wageni wenye ulemavu, ukawa wa kupewa muda wa kurudi badala ya kupitishwa moja kwa moja. Walioumia na mabadiliko si wale akina mama. Ni familia zenye watoto wenye mahitaji ya kweli, ambao sasa walilazimika kujipanga upya na kujieleza upya. Wale wengine walitafuta njia nyingine, na hawakungoja sana, maana njia hiyo ilikuja kuwekwa wazi kabisa, ina jina na bei.

Mwaka 2021 FastPass ya bure ikazikwa rasmi. Badala yake ikaja njia ya kulipia, Lightning Lane. Pale Florida ilianza kwa dola 15 kwa mtu kwa siku, na kuna familia zilikuwa zinaweka alamu kabla ya saa 1 asubuhi, wako likizo, wanagombania nafasi kwenye simu huku macho hayajafunguka vizuri. Oktoba 2024 ikatangazwa pasi ya juu zaidi, ya kupita njia fupi bila kupanga muda, na pale Disneyland ilianza na dola 400 kwa kila mtu kwa siku moja. Hiyo ni juu ya kiingilio, na kiingilio chenyewe kwa siku za msongamano kimevuka dola 200. Na juu ya hapo kuna mwongozaji binafsi kama wa yule dada, mamia ya dola kwa saa, na unalazimika kulipia saa saba kwa uchache. Kile kipande cha "foleni ni za wenye muda" kilimgharimu kuliko gari ambalo baadhi ya walioko kwenye komenti wanaliota.

Wapo watakaosema, kwani ndege hazina daraja la kwanza? Kwenye shoo hakuna meza za VIP? Mjini pesa bwana, acheni wivu.

Hoja hiyo inasikika vizuri mpaka uikague. Abiria wa daraja la kwanza akinyoosha miguu na kunywa juisi kwenye glasi, hakucheleweshi wewe wa nyuma. Ndege inatua kwa wote dakika ileile. Ukimwona na meza yake ya VIP mbele ya jukwaa, wimbo unausikia saa ileile anayousikia yeye. Foleni ya mchezo haiko hivyo. Boti ina viti vyake na kwa saa inabeba watu wake, haiongezeki. Chukulia boti ya watu ishirini. Kumi na wanne wakitoka njia ya kulipia, waliosimama tangu saa nne wanabaki na viti sita. Kwa hiyo yule aliyelipa hakununua kiti kizuri zaidi. Amenunua dakika za mtu mwingine, na huyo mtu hakuulizwa wala hakupewa hata senti. Pesa ilienda kwa mwenye boti. Ndiyo maana waliosimama wanaangalia pembeni watu wakipita na wanajisikia vibaya bila kujua kwa nini.

Halafu kuna hili ambalo wanaouza pasi hawapendi kuliongelea. Pasi ya kuruka foleni ina thamani pale tu foleni inapokuwa ndefu. Siku bustani ikiwa tupu, nani atatoa dola 400? Mwenye kitabu cha tiketi za zamani alifaidika watu wakitawanyika. Muuza njia ya mkato anafaidika watu wakijazana. Hakuna haja ya kumshuku mtu kwa nia mbaya hapo, hesabu yenyewe inaongea.

Ndiyo maana kumbukumbu za vile vijitabu hazifi, na watu wananunua mtandaoni vitabu vilivyobaki nusu, vya miaka ya sitini na sabini, wakaviweka kwenye fremu. Wengine walikuwa hata hawajazaliwa. Hawatamani kurudi kuhesabu senti. Wanatamani foleni ambayo ukisimama, aliye mbele yako amekuja kabla yako, na hiyo ndiyo sababu pekee ya yeye kuwa mbele.

Jamaa wa California alirudi mara ya mwisho kwenye zile komenti usiku wa kuamkia siku ya pili, wakati watu wengi walishahamia kwenye umbea mwingine. Alisema mwaka jana walienda watano: yeye, mkewe, watoto wawili na mama mkwe. Wakapiga hesabu hotelini. Kuwalipia wote watano njia ya haraka ilikuwa inakula bajeti ya chakula, kwa hiyo wakawalipia watoto na baba yao. Mkewe na mama yake wakasimama foleni ya kawaida. Mama mkwe hakulalamika, alisema miguu yake ina uzoefu wa kusubiri pale. Kwenye mkoba alikuwa nacho kile kijitabu, sijui kwa nini, alisema mkewe, labda alitaka kukionyesha mahali kilipotoka.

Watoto waliingia na kutoka. Walipotoka walimkuta bibi bado yuko katikati ya foleni, upande wa pili wa kamba. Wakasimama wanapiga naye stori. Bibi akamwambia mjukuu mdogo aende na baba yake mchezo mwingine, pasi imelipiwa, isipotee bure. Mtoto akapenya chini ya kamba, akasimama naye. Baba akamkumbusha kwamba mchezo huo ametoka kuupanda dakika tano zilizopita. Mtoto akajibu kwamba anajua, akaomba amshikie bibi yake soda.

Komenti hiyo ilipata likes kumi na moja. Klipu ya yule dada bado iko hewani, ila komenti amezifunga.